Mkanda Uliosokotwa

Mkanda wa kufungia mzigo ulimwangukia kichwani mara ya kwanza, wapakiaji wakacheka. Ulipomwangukia mara ya pili mke wake naye akacheka, na hapo ndipo uso wa mwenye lori ulipobadilika. Kicheko cha wapakiaji alikitegemea. Watu wanaokula vumbi la mbao kutwa nzima wana haki ya kupata kitu cha kuwachekesha. Lakini mke alikuwa wa upande wake, au ndivyo alivyodhani alipomwoa.

Tela lilikuwa la wazi, sakafu tupu kutoka ubao wa mbele mpaka taa za nyuma, halina ukuta wala paa. Walilinunua pamoja, yeye na mkewe, na kadi ya gari ilikuwa na majina mawili. Kabla ya hapo mume alikuwa ameendesha malori ya kampuni miaka mingi, yote ya makontena. Dereva wa kontena anafunga mlango, anatia lakiri, anaondoka. Kilichomo kikianguka kinaangukia humo humo ndani. Wapakiaji wa yadi ya mbao waliposikia historia hiyo hawakuchelewa kumpa jina. Walimwita Kontena. Siku ya kwanza yeye aliona wanamheshimu.

Mkewe alikuwa fundi wa maturubai. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, na cherehani yake ilikuwa ya kushonea vitu vizito, ikianza kunguruma majirani wanajua kumekucha. Alishona maturubai ya malori ya watu mpaka siku aliposema amechoka kuvalisha magari ya wenzake. Wazo la kununua lori lilikuwa lake. Wazo la yeye kusafiri nalo mume hakulipenda hata kidogo, lakini kufunga mzigo kunataka watu wawili, na watoto wao walikuwa shule ya bweni. Basi akafunga karakana, akavaa suruali ya kazi ya mumewe, akapanda. Suruali ilimkaa vizuri kuliko ilivyowahi kumkaa mwenyewe. Hilo nalo mume aliliona.

Yadi ile haikuwa na mchezo. Mgeni mwenye tela la wazi alipewa kwanza mizigo ya majaribio, na kila mzigo ulitakiwa ufike kama ulivyoondoka, ubao juu ya ubao. Mzigo ukisogea njiani, nawe ukasimama na kupiga simu mwenyewe, ulisamehewa. Ulifunga upya na safari ikaendelea. Ukinyamaza, wapokeaji wakauona umepinda, geti la yadi hulioni tena. Na yadi hiyo ndiyo iliyokuwa na mizigo mwaka mzima. Bila kibali chake lori lao lingebaki pambo la mbele ya nyumba, la kuanikia nguo.

Aliyeamua nani apewe kibali ni mkaguzi wa mizigo, mtu mrefu, mtulivu, ambaye hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Kidole. Wakaguzi wengine huutazama mkanda kwa macho, wengine huupiga kwa mtaimbo. Huyu alipita kila mkanda akaudonoa kwa kidole kimoja, akainamisha kichwa, akasikiliza. Mkanda ukitoa sauti ya kukaza, alisogea kwenda wa pili. Ukitoa sauti ya kulegea hakusema neno. Alikifuta kidole kwenye suruali, kama mtu aliyegusa makamasi ya mtoto, akasubiri. Siku ya kwanza kidole kile kilifutwa sana upande wa Kontena.

Hilo angeweza kulimeza. Lililomkwama kooni ni kwamba Kidole, zamani, alikuwa ametuma watu nyumbani kwa kina mkewe kumposa. Hakuna aliyemficha jambo hilo. Mkewe mwenyewe ndiye aliyemsimulia, mwaka wa kwanza wa ndoa, wakiwa wanakunja nguo. Alisema kulikuwa na kijana mmoja mrefu wa mtaani kwao, wazee wake wakaja, baba akasema binti bado yuko kwenye ufundi, yakaishia hapo. Mume alicheka siku ile. Alikwisha kumpata, kwa nini asicheke? Ubaya wa hadithi za namna hiyo ni kwamba unazicheka ukijua mhusika yuko mbali, kumbe siku moja unaingia geti la yadi na mhusika ndiye mwenye muhuri.

"Karibu, shemeji," Kidole alimwambia siku ile, akampa mkono.

"Shemeji kwa nani?"

"Dada huyu tumekua naye mtaa mmoja. Kwa hiyo wewe ni shemeji yangu."

Kontena alipokea mkono kwa sababu ulikuwa umeshanyooshwa. Lakini kutoka hapo neno shemeji lilimchoma kila aliposikia likitoka mdomo ule. Kidole alikuwa na mke, alikuwa na watoto, tena sauti yake kwa wanawake na kwa wanaume ilikuwa moja. Yote hayo Kontena aliyajua. Wivu haukuwa na haja nayo.

Basi ndipo ukaja mkanda wa kichwani. Kurusha mkanda juu ya mzigo kunaonekana ni kazi ya kitoto. Unaukunja ukawa mduara, unashika ncha, unaurusha upite juu ya mbao na kujikunjua ukielekea upande wa pili. Kontena aliurusha kwa nguvu zote alizokuwa nazo, ukaenda juu moja kwa moja, ukafikiri kidogo, ukarudi kwa mwenyewe.

"Usitumie bega," Kidole alimwambia. "Tumia kiuno. Uache ujikunjue wenyewe."

"Nimeelewa."

"Umeelewa, lakini bega bado hujaliambia."

Wapakiaji wakashika mbavu. Mke akauchukua mkanda. Hakukaa kujipanga wala kupima. Aliurusha kama alivyokuwa akitandaza kitambaa kwenye meza ya kukatia, ukapita juu ya mbao umetulia, ukadondoka upande wa pili mbele ya viatu vya Kidole. Kidole aliutazama, akamtazama mrushaji.

"Huyu hafundishwi," alisema. "Huyu anakumbushwa tu."

Maneno hayo Kontena alirudi nayo nyumbani, akavua nayo viatu, akaoga nayo. Alimwona mkewe jioni ile amefunga kipande cha mkanda kwenye miguu ya meza ya karakana, anakikaza kwa kipini, analegeza, anakaza tena. Chakula kilikuwa mezani hapo hapo, kimesogezwa pembeni kupisha mkanda. Halafu, kitu kilichomwondolea hamu ya kula, aliuinamia na kuudonoa kwa kidole.

"Kitoe hicho kidole."

"Kipi?"

"Hicho unachodonolea. Umekitoa wapi?"

"Nilizaliwa nacho, baba watoto."

"Hukuzaliwa ukidonoa."

Mke akacheka, akamsogezea sahani. "Kidole anasema mbao hulala. Ukishatembea kidogo zinabanana, mkanda unalegea hata kama uliukaza mpaka ukalia. Ndiyo maana lazima tusimame mapema tukague."

"Kidole anasema. Tangu tuingie humu ndani Kidole amesema, Kidole amesema. Mbona hujamwita akala nasi? Nimsogezee kiti?"

"Chakula hakitamtosha. Ni mrefu yule."

"Aha. Urefu wake umeupima."

"Una wivu wewe."

"Wivu wa nini? Nimwonee wivu mtu anayepapasa mikanda kutwa?"

"Basi kama huna, kesho msikilize. Ukiwa naye masikio unayaacha kwenye gari."

Alikuwa na wivu, na ulikuwa wivu mbaya, ule unaomfanya mtu mzima ahesabu ni nani amepewa maji kwanza. Wala hakuogopa kwamba mkewe angemkimbia akamfuata Kidole. Alimjua mkewe. Alichokitaka ni kidogo na hakuthubutu kukisema: kwamba siku kibali kikitoka, mkewe ageuke amtazame yeye, kwa yale macho anayotazamwa nayo fundi na mtu anayejua ufundi. Macho hayo alikuwa ameyaona yakitua kwa mwingine, juu ya mkanda, mchana kweupe, na roho ilimuuma.

Haikuwa kwamba hakujifunza kitu. Mzigo baada ya mzigo aliyashika mengi. Alijua kwamba mkanda hauwekwi juu ya ukingo mkali bila kona ya plastiki chini yake, la sivyo ukingo utautafuna. Alijua mkanda ulale bapa juu ya kona, usilale kwa ubavu. Alijua mtaimbo wa winchi, ile roda ya ubavuni mwa tela inayovuta mkanda, haukazwi kwa kifua mbele yake, maana ukichomoka unaondoka na meno. Kidole alianza kupita upande wake bila kufuta kidole. Lakini hakuwahi kumwambia kwamba yeye anakumbushwa tu. Kontena alisubiri neno hilo kila siku, akawa anajichukia kwa kulisubiri.

Mzigo wa mwisho wa majaribio ulikuwa mafungu ya mbao zilizopigwa randa, safu mbili, za juu nyembamba kuliko za chini. Walipanga kazi kama walivyozoea: mke anarusha na kupitisha mikanda kwenye winchi, mume anakuja nyuma yake na mtaimbo kukaza. Alikaza vizuri sana. Ila muda wote alipokuwa akikaza macho yake hayakuwa kwenye mkanda. Yalikuwa kwa Kidole, aliyekuwa amesimama karibu na tela la mtu mwingine, na Kontena alitaka kujua anatazama wapi.

Alipomaliza alipanda kwenye kabini kuwasha injini, breki zijae upepo. Akiwa pale alitazama kwenye kioo cha pembeni. Kidole alikuwa amefika kwenye mikanda yao. Aliudonoa wa kwanza, akasimama. Akaurudia. Akapitisha kidole chake taratibu kuanzia juu kwenda chini, akamwita mke, akamuuliza jambo. Mke akajibu huku akielekeza kidevu upande wa kabini. Kidole akatazama kabini, akamtazama tena mke, kisha wakacheka wote wawili. Hawakucheka kidogo. Kidole alicheka mpaka akashika mbao.

Injini ilikuwa ikinguruma na Kontena hakusikia hata neno moja, lakini hakuhitaji kusikia. Alijaza maneno mwenyewe. Alijaza mengi, na yote yalimhusu yeye na kichwa chake na mkanda uliomwangukia. Kidole alipogonga mlango na kusema, "Safari njema, shemeji, mkifika salama tumemaliza," alimjibu kwa kuingiza gia.

Walitoka mjini bila kuzungumza. Mke alijaribu mara moja, akasema mikanda leo imekaa vizuri. Mume akasema ndiyo. Akajaribu tena, akauliza kama ameudhika. Mume akasema hapana, kwa ile hapana inayofunga madirisha yote. Mke akafumba macho.

Mwendo mfupi kutoka hapo walisimama, kama ilivyopasa, mahali penye uwanja mpana na vibanda vya kuuza maji. Mke akashuka kwenda msalani, na foleni ya msalani ilifika nje. Mume akachukua mtaimbo, akaanza kuzunguka tela. Ndipo alipoona.

Kila mkanda, pande zote mbili, pale uliposhuka kutoka kona ya juu kuelekea kwenye winchi, pale ulipokuwa hewani haugusi mbao, ulikuwa umesokotwa mara moja. Si kwa bahati mbaya. Wote, mahali pale pale, kwa mkono ule ule. Alisimama akiwa ameshika mtaimbo, damu ikamchemka polepole. Yeye alifundishwa bapa. Kila siku bapa, bapa, shemeji ulaze bapa. Hili la kusokota hakuwahi kuambiwa. Basi kulikuwa na somo la pembeni. Kulikuwa na siku ambayo yeye alitumwa kwenda kuchukua kona za plastiki, au kujaza maji, na hao wawili wakabaki na mkanda wao. Akakumbuka kile kidole kilivyoshuka juu ya msokoto taratibu, kikiutambua, na kicheko kilichofuata.

Hangesafiri na misokoto ya mtu huyo juu ya tela lake. Ndivyo alivyojiambia, na akaanza kulegeza. Alianzia nyuma. Alilegeza, akaunyoosha ukawa bapa, akaukaza upya kwa hasira, akaenda kwenye unaofuata. Mtu mwenye hasira hukaza sana na huona kidogo. Kwenye mkanda mmoja kona ya plastiki ilichomoka ulipolegea, ikateleza ikaanguka chini kwenye changarawe, na yeye akakaza mkanda juu ya mbao tupu bila kuitazama. Alikuwa amefika katikati ya tela alipomwona mkewe anatoka msalani akifuta mikono. Nusu ya mbele akaiacha ilivyokuwa.

"Imelegea?" mke aliuliza.

"Nimeikaza."

"Ahsante," mke akasema, akampa chupa ya maji, naye akaipokea kama mtu anayepokea wito wa polisi. Mke akapanda, akaegemeza kichwa mlangoni. Walikuwa wameamka kabla ya jogoo. Akalala.

Barabara ilifunguka, lori likachukua kasi. Kwanza ilikuwa sauti nyembamba, ya mbu aliyepotea njia. Kontena alifikiri ni kioo hakijafungwa sawa. Akakifunga, sauti ikaendelea, ikanenepa, ikawa mvumo unaotoka nyuma yao, unapanda lori likipanda kasi na kushuka likipunguza. Alijua ni nini. Ni mikanda aliyoinyoosha, upepo unaipiga. Akapunguza mwendo kidogo ili mvumo ushuke, asije akamwamsha.

Mke alifumbua macho. "Cherehani ya nani hiyo?"

Mume akashika usukani kwa mikono miwili.

Mke akakaa sawa, akasikiliza kwa jinsi alivyokuwa akisikiliza mota ya cherehani yake ikianza kuugua. "Mikanda ile haiwezi kuimba. Nani kaigusa?"

"Mimi. Nimeinyoosha."

"Umeinyoosha kwa nini?"

"Kwa sababu nimechoka kubeba masomo ya Kidole kwenye tela langu."

"Tela letu," mke akasema. "Simamisha gari."

Walishuka kila mmoja kwa mlango wake na wakakutana nyuma. Hakuna aliyehitaji kumwonyesha mwenzake. Fungu la juu la nyuma lilikuwa limetoka kwenye mstari kiasi cha kiganja kizima, limeelekea barabarani. Mkanda wake ulikuwa umekatika nusu, nyuzi zimesimama kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla, na chini yake hapakuwa na kona ya plastiki. Gari dogo lilipita kwa kasi na mkanda ukatikisika. Kontena alitazama ubavu wa mbao ulionyooka kuelekea upande ambako watu hupita na pikipiki.

"Piga simu," mke akasema.

"Tunaweza kulirudisha. Tuna mkanda wa akiba. Tukalifunga vizuri hakuna atakayejua."

"Mbao zimechubuka. Wapokeaji wana macho. Na huu mkanda utauficha wapi, mfukoni?"

"Basi piga wewe. Mnasikilizana."

"Nani aliyeifungua mikanda?"

"Mimi."

"Basi ni wewe unayepiga."

"Kwa yule?"

"Kwa mkaguzi wa yadi. Kama unamjua mwingine, mpigie huyo."

Aliitoa simu. Alitembea mpaka mwisho wa tela, akarudi, akaenda tena. Kumpigia trafiki angeweza. Kumpigia baba mkwe akamwambia mwanao amenishinda angeweza. Lakini kusema kwa sauti yake mwenyewe, ndani ya sikio la mtu yule, kwamba nimeshindwa na mkanda, aliona ni afadhali mbao zote zimwangukie. Halafu akafikiria geti la yadi limefungwa, lori limesimama mbele ya nyumba, na mkewe anarudi kwenye cherehani kushonea watu. Akabonyeza.

"Shemeji," Kidole alipokea. "Mmefika?"

"Mzigo umesogea."

"Upi, na kiasi gani?"

"Fungu la juu la nyuma. Kiganja. Mkanda mmoja umeliwa."

"Umeliwa vipi, na leo mlisokota?"

"Niliisokotoa mimi. Ya nyuma. Kona moja ya plastiki nikaiacha njiani."

Kidole aliposema tena sauti yake haikuwa ya kucheka. "Uliisokotoa wewe? Sasa mbona wewe ndiye uliyemfundisha?"

"Nimemfundisha nani?"

"Dada. Asubuhi nilimuuliza kusokota kajifunzia wapi, maana mimi hilo sijawaonyesha. Mgeni nampa bapa kwanza mpaka mkono ukae. Kusokota kunakuja baadaye. Akaniambia ni mume wangu, zamani sana. Nikasema kumbe shemeji siku zote hizi anatuchezea, anajifanya hajui, kumbe ni mkongwe. Tulicheka sana. Nilitaka kukupa kibali pale pale." Akakohoa. "Sikiliza. Mrudishe mbao zilale kwenye mstari, mfunge upya. Ufunge wewe, si yeye. Usokote kama ulivyomfundisha. Kisha nitumie picha za pande zote. Umepiga mwenyewe, kwa hiyo safari haijafa. Lakini nitaamua nikiona."

Simu ikakatika. Kontena aliitia mfukoni, ikakosa mfuko, akaiokota. Mkewe alikuwa amekwisha kupanda juu ya tela na alikuwa akilisukuma fungu kwa mtaimbo. Akapanda kumsaidia. Walisukuma mpaka mbao ziliporudi, na hapo ndipo alipouliza, macho yake yakiwa kwenye mbao.

"Nilikufundisha lini?"

"Kusokota?" Mke alijifuta jasho. "Siku tunahamia. Ile pikapu ya kuazima, godoro na kabati la mama nyuma. Mkanda ulianza kuvuma nikashtuka, nikasema tunalipukiwa. Ukasimama pembeni, ukaulegeza, ukausokota mara moja, ukaukaza. Ukaniambia, sasa utanyamaza. Ukanyamaza kweli mpaka nyumbani." Alitabasamu kidogo, si kwake, kwa kitu kilichokuwa mbali nyuma ya bega lake. "Nilikaa kwenye ile pikapu nikasema moyoni, nimepata mtu anayejua mambo."

Kontena alitafuta siku hiyo kichwani. Alikumbuka pikapu. Alikumbuka kabati, kwa sababu halikuingia mlangoni. Mkanda hakuukumbuka, wala kuvuma kwake, wala hayo maneno. Miaka yote ile ya kufunga milango ya makontena ilikuwa imepita juu yake.

Mke akamrushia mkanda wa akiba. Safari hii aliudaka. Akaurusha kwa kiuno, ukapita, ukatua. Akaweka kona za plastiki, akazikandamiza kwa kiganja mara mbili zaidi ya inavyohitajika. Akapitisha ncha kwenye winchi, na hapo mikono yake ikasimama. Alijaribu kuugeuza huku, ukaja kulala kwa ubavu juu ya kona. Akaugeuza kule, ukajikunja mahali pasipo. Mkewe alikuwa amesimama pembeni, amevaa ile suruali ya mumewe, mikono kiunoni.

"Nionyeshe," mume akasema.

Mke hakucheka. Alisogea, akaushika mkanda pale ulipo hewani, akaugeuza mara moja, akaunyoosha tena ili mume aurudie. Mume akaurudia. Wakaenda kwenye uliofuata, na uliofuata. Mume alipomaliza kukaza, mke alipita kila mmoja akiudonoa kwa kidole, na mume alikitazama kidole hicho bila kusema kitoe.

Walituma picha. Jibu lilikuja wakiwa bado wanakunja ule mkanda ulioliwa: Imekaa. Jumatatu njooni mchukue kibali. Mje wote wawili. Kontena aliyasoma maneno hayo matatu ya mwisho zaidi ya mara moja, akapanda.

Lori lilichukua kasi na nyuma kukawa kimya. Alisubiri furaha ije. Kibali kimepatikana, Kidole hana hatia, mke yuko pembeni yake. Lakini kitu kilikuwa bado kinamtafuna mahali pale pale kilipokuwa kikimtafuna siku zote, na ilimchukua muda kukijua. Yeye angeweza kumshinda Kidole, akipewa mwaka mmoja au miwili. Yule kijana wa pikapu, yeye mwenyewe wa zamani, asingeweza kumshinda. Kijana yule alisokota mkanda mara moja, akasema maneno mawili, akatazamwa vile, na hangekosea tena kamwe.

"Yule kijana," akasema. "Wa pikapu."

"Ndiyo."

"Ulimpenda?"

"Sana," mke akasema, bila kufikiri.

Alibadilisha gia ambayo haikuhitaji kubadilishwa. Barabara ilikuwa imenyooka na tupu. "Na huyu wa leo?"

Mke aliinama akatazama kwenye kioo cha upande wake, akaifuata mikanda kwa macho mmoja mmoja mpaka wa mwisho.

"Huyu wa leo akifika pale mbele penye uwanja," akasema, "asimamishe gari tukague."